Chura Aliyeita Saa Moja na Dakika Kumi

Niliificha simu ndani ya matete. Kosa ni hilo, na nalisema mapema ili tusizungushane. Ilikuwa simu kuukuu ya mama yangu, yenye kioo kilichopasuka kuanzia pembe hadi pembe. Niliifunga kwa karatasi ya mkate isiingie maji, nikaitegesha kengele ya kuamsha watu ilie saa moja na dakika kumi jioni, na mahali pa mlio wa kawaida nikaweka sauti ya chura. Tena si chura yeyote. Nilichagua yule mmoja ambaye kwenye bwawa lile la Uthiru hakuna mtu aliyekuwa amemsikia tangu kabla sijazaliwa.

Nilidhani watacheka.

Wenzangu shuleni mama zao ni wenyeviti wa vikundi vya kanisa, au wa wenye maduka, au wa kamati ya maji ya mtaa. Wangu ni mwenyekiti wa chama cha wanaikolojia. Ukiniuliza mwanaikolojia hufanya nini, nitakujibu kwa neno moja: huchoka. Huchoka asubuhi akiandika barua kwa ofisi ambazo hazijibu. Huchoka mchana akifundisha chuoni. Jioni huchoka kwa sababu chama kina wanachama wengi kwenye orodha na wanne kwenye mkutano, na hao wanne hukutana sebuleni kwetu Woodley, wakala mandazi yetu yote, wakabishana kuhusu majani.

Darasani waligundua kazi ya mama siku ile alipokuja kutoa mhadhara kuhusu vinamasi. Alileta chupa ya viluwiluwi. Tangu siku hiyo mimi si mimi tena. "Niaje, mtoto wa vyura," ndivyo ninavyosalimiwa getini, na sasa hata mlinzi anaitumia. Nami si mtu wa kuonewa kirahisi, huwajibu, "Poa, nyinyi je, nzi wangu?" Lakini ukweli ni kwamba mzaha ukirudiwa kila asubuhi kwa mihula miwili, hata mwenye mdomo kama wangu huchoka.

Sasa nieleze jinsi wanavyohesabu vyura, maana bila hiyo hutaelewa ubaya wa nilichofanya.

Vyura hawahesabiwi kwa macho. Ukimtafuta chura kwa macho utapata tope. Huhesabiwa kwa masikio. Msimu wa mvua, kila Alhamisi, chama huenda bwawani jua likizama. Kandokando ya maji kuna mawe sita yaliyopakwa rangi nyeupe. Mnasimama kwenye jiwe la kwanza, kila mtu na karatasi yake na penseli yake, mnanyamaza dakika tatu. Huruhusiwi kukohoa, kunong'ona wala kumtazama mwenzako. Unachosikia unaandika, na unaifunika karatasi kwa mkono kama mtu wa mtihani. Mkimaliza, karatasi husomwa kwa sauti kuanzia kwa aliye mdogo kwenda kwa mkubwa, ili wadogo wasije wakasikia walichosikia wakubwa. Mwenyekiti husoma wa mwisho. Kisha mnakwenda jiwe la pili.

Na hakuna kufuta. Hilo ndilo sharti ambalo mama angekutoa nalo roho. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa libaki likisomeka, unaandika pembeni jina lako. Penseli zao hazina hata kifutio kichwani. Alivikata vyote kwa wembe, nilimwona.

Mimi hupelekwa kushika mwavuli. Nyumbani hakuna mtu mwingine, na mama haniamini na jiko.

Alhamisi ile walikuja watano. Mama. Mzee, mhadhiri mstaafu kutoka magharibi, aliyemfundisha mama na ambaye bado humsahihisha tahajia. Bi Katibu, mwanamke wa Mombasa mwenye duka la vitabu vya dini katikati ya jiji, aliyeingia chamani kwa kuwapenda ndege na akanaswa na uandishi wa kumbukumbu kwa sababu ndiye pekee mwenye mwandiko unaosomeka. Na wanafunzi wawili wa chuo, mvulana na msichana, waliokuja kwa sababu mama ndiye husahihisha karatasi zao.

Walikuwa wamechoka wote. Nalijua hilo sasa, wakati ule sikulitazama. Kulikuwa na mtu aliyetaka kulifukia bwawa ajenge nyumba za kupangisha, na ofisi moja mjini ilikuwa imewaita wenye maoni wayalete wiki iliyofuata. Chama kilikuwa na ripoti ya kurasa nyingi na kila ukurasa ulisema jambo moja: hapa kuna maji, na matete, na vyura wa kawaida. Na vyura wa kawaida, mama alisema akifunga kamba za viatu, hawajawahi kumzuia mtu kujenga.

"Angekuwepo yule wa kitana," Mzee alisema.

"Mzee, tusianze," mama alimjibu.

Yule wa kitana ndiye huyo wangu. Jina lake la kisayansi ni refu kuliko yeye. Sauti yake ni kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana, taratibu, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ni mmoja wa wale ambao wakipatikana mahali, ofisi hulazimika kusimama na kufikiri. Rekodi yake ilikuwa kwenye kompyuta ya mama, pamoja na nyingine mia. Niliihamisha kwenye simu Jumatano, wakati nilipotakiwa kuwa nikisoma kemia.

Simu niliificha mapema, karibu na jiwe la nne, nilipojidai naenda haja.

Jiwe la kwanza, vyura wa kawaida. La pili, vivyo hivyo. La tatu, ng'ombe wa mtu alipita akakojoa dakika nzima, na Bi Katibu akaandika kwa uaminifu, "Ng'ombe." Nilikuwa nimejibana mbavu kwa kicheko. Tukafika la nne. Wakanyamaza. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nilitazama saa yangu.

Krrrrrrrik, matete yakasema.

Hakuna aliyesogea. Sharti ni sharti. Niliona penseli za watu watano zikisimama hewani. Ikalia tena, na tena, ikaendelea kidogo, ikakoma yenyewe. Dakika tatu zikaisha.

"Soma," mama alimwambia msichana wa chuo.

"Wa kawaida, wengi. Na mwito mmoja ambao... sijui, Daktari. Sijawahi kuusikia."

Mvulana naye akasoma vivyo hivyo, isipokuwa yeye aliandika "mdudu?".

"Mimi nimesikia kama kitana," Bi Katibu akasema. "Wallahi nimeandika na alama ya kuuliza, msinicheke."

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kutokeza na kusema, "Jamani, ni mimi!" Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini Mzee alivua kofia. Mvua ilikuwa inanyesha na kichwa chake hakina nywele hata za kusingiziwa, na alivua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliye msibani.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye, na nilishakubali kwamba nitakufa sijamsikia tena."

Alikuwa analia, ingawa bila sauti. Maji ya mvua na ya macho yalikuwa yanateremka pamoja. Nikairudisha pumzi yangu tumboni.

Mama aliitazama karatasi yake muda mrefu. Nilimwelekezea mwavuli, nikidhani anashindwa kusoma kwa sababu ya maji.

"Hata mimi," alisema. "Mmoja. Jiwe la nne."

Na Bi Katibu akaandika katika daftari kubwa, ambalo halifutwi.

Mnaniuliza kwa nini sikusema usiku uleule. Nilijaribu. Tulipofika nyumbani mama aliweka maji ya chai, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuwasha kompyuta. Sikumbuki lini nilimwona akikaa jikoni bila kufanya kitu. "Unajua," aliniambia, "labda si lazima kila kitu kishindwe." Sasa mtu anayeambiwa hivyo ajibu nini? "Mama, kwa habari hiyo, nina taarifa"? Nilikunywa chai nikaenda kulala.

Ijumaa nikasema nitamwambia Jumamosi. Jumamosi Mzee alipiga simu mara nne. Jumapili kanisani mama aliimba, yeye ambaye kawaida husinzia tangu tangazo la kwanza. Jumatatu asubuhi nilirudi Uthiru peke yangu kabla ya shule kuichukua simu. Karatasi ya mkate ilikuwa imejaa maji na simu ilikuwa imekufa. Niliitupa majini. Kwa hiyo nililichafua na bwawa lenyewe, nalo nimelisema.

Nilichelewa shule. Mwalimu wa zamu akaniuliza nilikuwa wapi. "Kwa vyura, mwalimu." Akaniongezea adhabu kwa kumfanyia mzaha, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi niliyosema kweli.

Jumatano ulikuwa mkutano wa maoni, saa nane mchana. Shule ilikuwa imefunga nusu muhula, kwa hiyo mama alinibeba kama mfuko. Asubuhi tulikwenda River Road kuchapisha ripoti, kwenye chumba cha juu ambako mashine tatu hunguruma pamoja na mtu husikia meno yake yakitetemeka. Nakala kumi na mbili. Zilikuwa zinatoka moto, mama akizipanga mezani, na kila mara akifika ukurasa wa yule chura anaulainisha kwa kiganja. Haukuwa na mkunjo wowote. Aliulainisha tu.

Nilihesabu viganja vitano. Cha sita sikuweza.

"Mama."

"Mm."

"Yule chura ni mimi."

"Nini?"

"Nasema yule chura ni mimi!"

"Sikusikii, ongea!"

"YULE CHURA NI MIMI!"

Mashine zilikuwa zimemaliza kazi sekunde ileile. Zote tatu. Chumba kilinyamaza, na watu wote wakanigeukia: fundi, kijana wake wa kukata karatasi, na bwana mmoja aliyekuja kuchukua kadi za harusi. Huyo wa kadi ndiye aliyesema kwanza.

"Pole sana, kijana."

Mama hakucheka. Wala hakunipiga, jambo lililonitia hofu zaidi.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilitaka kuona watu wa digrii wakiruka."

"Kwa simu gani?"

"Ile kuukuu."

"Iko wapi?"

"Majini."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayeorodhesha vitu. Kisha akamwomba fundi rula na kalamu mbili za wino.

"Mathe, si tuchapishe upya tu huo ukurasa?" fundi alisema. Ni mtu mwema. "Dakika mbili hivi. Hakuna atakayejua."

"Daftari linajua," mama akamwambia.

Tulisimama kwenye ile meza, tukaifungua nakala moja baada ya nyingine. Yeye alipiga mstari mmoja kwa rula juu ya sentensi ya chura, sentensi ikabaki ikisomeka chini yake. Akaandika pembeni, "Hakusikika," akatia sahihi. Kisha akanisukumia nakala, nami nikatia yangu. Sahihi yangu nilikuwa nimeibuni kwa ajili ya umaarufu, ina mikia mitatu na nyota. Kwenye nakala ya kwanza niliiweka nzima. Kufikia ya nne nilikuwa naandika jina langu tu, kwa herufi za kawaida. Bwana wa harusi alichukua kadi zake akaondoka kwa ncha za vidole.

Mzee alikuwa anatusubiri chini ya jengo la ile ofisi, amevaa tai. Sikuwahi kumwona na tai. Alikuwa amejinyoa akajikata kidevuni.

"Mwambie mwenyewe," mama alisema, akasogea hatua tatu pembeni akawa anasoma kibao cha majina ya ofisi.

Nikamwambia. Sikuweka mzaha hata mmoja ndani yake na bado maneno yalikuja kwa shida. Mzee alinisikiliza huku akiitazama tai yake.

"Uliiweka wapi hiyo simu?"

"Karibu na jiwe la nne, Mzee. Upande wa kushoto, penye matete mengi."

"Ulipachaguaje?"

"Nilidhani... pale ndipo ningejificha mimi, kama ningekuwa yeye."

"Ndipo alipokuwa akikaa," Mzee alisema. "Hasa pale." Akavuta pumzi. "Ungefaa utafiti, shetani wewe." Halafu akasema tutangulie, ngazi ni nyingi, yeye atakuja polepole. Hakuja. Tulipotoka mkutanoni mlinzi alituambia mzee wa tai alikaa kidogo kwenye benchi la mapokezi, akaomba maji, akaenda zake.

Mkutano wenyewe nitausimulia kwa ufupi kwa sababu bado unanichoma. Chumba kilikuwa na meza ndefu. Upande mmoja afisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Upande mwingine wakili wa mwenye kujenga, viatu vyake vinang'aa hadi chini ya meza. Nyuma Bi Katibu na wale wanafunzi wawili, ambao mama alikuwa amewaambia ukumbini kwa maneno machache. Bi Katibu hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Haya, mwanangu," na ningependelea kofi.

Mama alisoma ripoti yote. Alipofika ukurasa ule hakuuruka. Alisoma sentensi iliyopigwa mstari, akasema, "Hili si kweli. Sauti ilikuwa ya rekodi. Kosa ni la chama na mimi ndiye mwenyekiti wake. Tunaendelea na ukurasa unaofuata."

Hakunitaja. Sahihi yangu ilikuwa pale kwa anayetaka kuisoma, lakini mdomo wake haukunitaja.

Wakili akanyanyua mkono. "Daktari, samahani. Kama sentensi moja imeingia hivi, hizi nyingine tuziamini kwa msingi gani?"

"Uje Alhamisi," mama alimwambia. "Saa kumi na mbili na nusu. Ulete viatu vingine."

Afisa alikohoa, nadhani alikuwa anacheka, akaandika kitu. Bwawa halikuokolewa siku ile wala halikupotea. Majibu yalikuja baadaye sana: upande wa barabara wafukie, upande wa matete uachwe kwanza. Nusu bwawa. Hakuna aliyefurahi, na mama aliisoma barua ile akaiweka juu ya friji pamoja na nyingine.

Lakini nimejitangulia. Siku ile, pale ukumbini, mama aliwakusanya wote watatu akawaambia anaacha uenyekiti.

"Nani achukue?" Bi Katibu akamuuliza. "Mimi? Mimi nina duka, nina magoti mabovu. Hawa watoto?" Wale wanafunzi walirudi nyuma hatua moja, kwa pamoja, kama wamefundishwa. "Basi. Umeacha, tumekataa, nimeandika. Alhamisi kuna mvua."

Tukatoka mimi na mama. Ilikuwa saa kumi na nusu na mji ulikuwa unaanza kumwaga watu. Hatukwenda stendi moja kwa moja. Alikaa kwenye ukingo wa saruji mbele ya benki, akavua kiatu kimoja, akakisugua kidole gumba. Nilikaa pembeni yake na mabaki ya nakala kwenye mapaja. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha, nzuri, ina mwanzo na katikati. Nilimwambia nilimdanganya, nikamwambia nilimtoa machozi Mzee, nikamwambia mbele ya watu wote amebeba kosa ambalo si lake, na kwamba kama anataka nitakwenda kwa yule afisa sasa hivi niseme ni langu peke yangu.

Aliniacha nimalize. Alikivaa kiatu. Alikuwa anatazama barabara, wala si mimi, na haya ndiyo maneno aliyoyasema, yote, sijaongeza:

"Kwenye ile rekodi, baada ya mlio wa tatu, kuna mbwa anabweka mara mbili kwa mbali. Nimeisikiliza miaka mingi, naijua kama nijuavyo kikohozi chako. Alhamisi nilimsikia yule mbwa. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikajiambia, Uthiru mbwa ni wengi."